Bomba Likifunguliwa, Umeme Unakatika

Kwa wiki tatu nyumba yetu ilikuwa na hitilafu iliyonishinda kuielewa: mtu akifungua bomba, umeme wa nyumba nzima ulikatika. Haukukatika kila mara, na hapo ndipo palipokuwa na tabu, kwa sababu hitilafu inayojitokeza kila mara hupatikana siku hiyohiyo. Mtu angeweza kunawa mikono mara mbili pasipo tatizo lolote, kisha mara ya tatu akigusa koki tu unasikia mlio mkavu kutoka kwenye kisanduku cha breka, friji inanyamaza, na taa zote zinazimika. Katika wiki hizo tulibadilisha pampu ambayo haikuwa na kosa, tukabadilisha kifaa cha ulinzi kilichokuwa kikifanya kazi yake barabara, na nusura tukubali ushauri ambao ungeweza kumuua mmoja wetu. Yote hayo yalitokana na imani moja ambayo karibu kila mtu anayo kuhusu breka, baadhi ya mafundi wakiwamo, nayo ni imani isiyo sahihi.

Kabla sijaeleza ilivyokuwa, ni lazima niseme kitu gani hasa kilikuwa kikikata, kwa maana watu wengi husema "breka imekata" bila kuangalia ni kishikio kipi kimeshuka, na kumbe hapo ndipo uchunguzi unapoanzia. Ndani ya kisanduku cha kawaida kuna vifaa vya aina mbili. Kuna breka ndogondogo, kila moja ikilinda njia yake: hii ya taa, hii ya soketi, ile ya hita. Breka hizi hujali jambo moja tu, nalo ni wingi wa mkondo unaopita. Mkondo ukizidi kiasi kwa muda, bamba la metali mbili lililomo ndani hupata joto, hujipinda na kuachia. Na ikipigwa shoti, sumaku huachia papo hapo. Halafu kuna kile kifaa kipana zaidi, chenye kitufe kidogo cha majaribio, ambacho mafundi hukiita RCD. Hicho hakijali mkondo ni mkubwa au mdogo. Kazi yake ni kuhesabu mkondo unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, na kulinganisha hesabu hizo mbili bila kuchoka. Zikilingana, kinatulia hata kama nyumba inavuta ampia 40. Zisipolingana, maana yake ni kwamba kuna umeme unaotoka na kurudi kwa njia nyingine, pengine kupitia waya wa ardhi, pengine kupitia ukuta wenye unyevu, pengine kupitia mwili wa mtu.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika mambo ya maji. Chukua hita ya kuogea ya papo kwa papo yenye wati 5,500. Kwa umeme wa volti 230 hiyo inavuta karibu ampia 24. Ikiwa imeunganishwa kwenye breka ya ampia 20 pamoja na soketi ya birika la umeme la wati 2,000, mtu akioga huku mwingine akichemsha maji, jumla inakaribia ampia 33, na baada ya dakika chache breka ile ndogo itashuka. Hapo maji hayana kosa lolote, na hakuna kilicholowa. Njia imebebeshwa mzigo unaoizidi, na dawa yake ni kuipa hita waya na breka zake peke yake, zinazolingana na mzigo huo. Lakini kinachoshuka kikiwa ni RCD, suala linakuwa jingine kabisa, nalo ni la kuvuja.

Kwetu ilikuwa RCD, kila mara, bila breka ndogo hata moja kushuka.

Kiasi cha mvujo kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. RCD ya nyumbani kwa kawaida ni ya miliampia 30. Imeundwa isikate chini ya nusu ya kiwango hicho, na ikifika 30 ni lazima ikate ndani ya milisekunde 300. Ukigawanya volti 230 kwa miliampia 30 unapata omu 7,700 hivi, na huo si ukinzani mkubwa hata kidogo. Maji safi kabisa, yasiyo na chumvi, hupitisha umeme kwa shida sana, lakini maji ya bomba yana chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake, na maji yenye sabuni ni mabaya zaidi. Utando mwembamba wa maji hayo kati ya skrubu mbili za soketi unatosha kabisa.

Wala kiwango hicho cha miliampia 30 hakikuokotwa barabarani. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza umeme unamfanya nini mwanadamu, akiwapima watu waliojitolea ili ajue ni mkondo kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia waya alioushika. Wastani alioupata ulikuwa karibu miliampia 16 kwa wanaume na karibu miliampia 10.5 kwa wanawake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akabuni kifaa cha kukata umeme unaovuja, na Marekani mpaka leo vifaa vya kuwalinda watu hukata kwenye miliampia 5 hivi. Nchi nyingi nyingine hutumia 30, kiwango ambacho mtu atakihisi vibaya, lakini kikikatwa upesi moyo wake hauwahi kuvurugika. Nataja haya kwa sababu nimewasikia watu wakiitukana RCD kuwa ni "kifaa chenye wivu". Kifaa hicho kimepimwa kwa miili ya watu.

Sasa nirudi kwetu. Tatizo lilianza siku moja asubuhi, dakika kama tano baada ya mimi kuoga maji ya moto. Umeme ulikatika, nikaenda kupandisha kishikio, kikagoma. Kila nikikipandisha kinashuka. Fundi wa kwanza alipofika alizishusha breka zote, akapandisha RCD, ikakaa. Kisha akapandisha breka moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye breka ya hita ya tangi, RCD ikashuka. Alifanya kazi nzuri, na mpaka hapo hakuna ambacho ningemlaumu. Akatuambia koili ya hita imetoboka, tununue nyingine, na kwa sasa tuiache breka yake chini. Tukaoga maji baridi, na kwa kuwa hali ya hewa ilikuwa ya joto, hatukuona haraka ya kununua koili.

Siku tatu zilipita kwa amani. Siku ya nne, mke wangu alifungua bomba la jikoni, na umeme ukakatika.

Hapo ndipo tulipokosea sote, na tulikosea kwa hoja iliyoonekana haina dosari. Hita imezimwa, tukasema. Kwa hiyo hii ni hitilafu nyingine. Inatokea bomba likifunguliwa. Na bomba likifunguliwa, pampu inayosukuma maji huwaka. Kwa hiyo ni pampu. Fundi aliipima pampu, akasema haoni mvujo mkubwa lakini ni ya zamani. Tukanunua mpya. Umeme ukaendelea kukatika. Akasema basi RCD yenyewe imechoka, nayo hutokea kweli, kwani kifaa kikizeeka chemchemi zake hulegea na kinaweza kukata kabla ya kiwango, au vibaya zaidi, kisikate kabisa. Tukabadilisha. Umeme ukaendelea kukatika vilevile.

Nilianza kuandika kwenye daftari. Ushauri huu ningempa mtu yeyote mwenye hitilafu ya namna hii, kwa sababu kumbukumbu ya mtu aliyekasirika haiaminiki. Kila umeme ulipokatika niliandika saa, nani alikuwa akifanya nini, bomba lipi, maji ya moto au baridi, na muhimu kuliko yote, muda uliopita kati ya maji kuanza kutiririka na ule mlio. Muda huo husema mengi. Umeme ukikatika sekunde ileile koki inapofunguliwa, kuna kifaa kinachowashwa na maji, kama pampu au hita ya papo kwa papo. Ukikatika dakika kadhaa baada ya mtu kuoga, huenda ni hita ya tangi: maji baridi yameingia kuziba pengo la yale ya moto yaliyotoka, thamostati imeona baridi, imewasha koili, na koili mbovu imevuja.

Ukikatika nusu saa baadaye, kisha ukagoma kurudi kwa saa kadhaa, hadi jioni ukarudi wenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea, tafuta maji yanayotembea mahali yasipotakiwa. Mara nyingi ni mpaka kati ya sakafu ya bafu na ukuta uliopasuka saruji yake, ambako maji hupenya taratibu, yakafuata bomba la nyaya lililopitishwa ukutani, na kudondokea kwenye kisanduku cha maungio kilichoko dari ya chini. Kisanduku kikikauka, kosa linapotea na fundi akija hakuti kitu. Hitilafu za aina hii huachwa miezi mingi, na kwa kila kulowa na kukauka huacha chumvi na mstari mweusi wa masizi juu ya plastiki kati ya nyaya, mpaka siku moja mstari huo unapitisha umeme hata ukiwa mkavu, na unaweza kuwaka moto. Ukiona doa la maji dari karibu na taa, usingoje RCD ikuambie.

Mashine ya kufulia nayo ina saa yake. Ikikata mwanzoni, dakika chache baada ya kujaa maji, ni hatua ya kupasha joto, na koili ndiyo mshukiwa. Ukifua kwa maji baridi ikamaliza bila kukata, ushahidi umekaribia kukamilika. Ikikata inapozunguka kwa kasi ya kukamua, huenda kuna waya uliochubuka unaogusa bati kwa mtikisiko, au raba ya mlango inadondosha maji juu ya mota. Ikikata inapomwaga maji mwishoni, tazama ile pampu ndogo ya chini. Pampu ya kuzamishwa kisimani huwa na udhaifu wake kwenye ungio la waya lililo chini ya maji, na ungio lililofungwa kwa sorotepu ya kawaida litavuja tu, ni suala la siku.

Daftari langu halikuwa safi kama maelezo haya. Kurasa zake nyingi zilisema "bomba, papo hapo". Lakini kulikuwa na mistari mitatu ambayo sikujua niiweke wapi: mara mbili umeme ulikatika usiku wa manane sote tukiwa tumelala, na mara moja mchana bila mtu kugusa maji. Niliiandikia alama ya kuuliza nikaipuuza. Sasa ningefanya kinyume. Kurasa zote zilizokubaliana zilikuwa zikinirudisha kwenye pampu, na pampu ilikuwa mpya. Mistari mitatu iliyokataa ndiyo iliyokuwa imebeba jibu.

Wiki ya pili ikiisha alikuja fundi wa pili. Alitazama kwa dakika kumi, akasema hitilafu za namna hii hazina mwisho, na kwamba yeye ana dawa yake: tuufungue waya wa ardhi kwenye kisanduku, ule ambao mafundi huuita ethi, na RCD haitatusumbua tena. Alisema maneno hayo kwa utulivu, kama mtu anayeshauri kubadilisha balbu. Nilimwambia, "Fundi, hapana," nikamlipa gharama ya kuja kwake, na nikamsindikiza hadi nje.

Ni kweli kwamba mara nyingi umeme ungeacha kukatika. Waya wa ardhi ndio unaoupa umeme uliovuja njia ya kuondokea. Ukiukata, umeme hauna pa kwenda, na RCD haioni tofauti yoyote kati ya kinachotoka na kinachorudi. Lakini ule uvujaji haujaondoka. Umebaki pale kwenye koili, na sasa bati la hita na mabomba ya chuma yaliyounganishwa nalo vimebeba umeme, vikingoja mtu atakayekuwa njia. Mtu huyo atakuwa amelowa, miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji, na mkono wake kwenye koki. RCD ikiwapo inaweza kumwokoa wakati huo, lakini ni baada ya yeye kupigwa. Na nyumba ambayo waya wa ardhi umefunguliwa ili kuondoa kero, mara nyingi RCD nayo huwa imerukwa kwa sababu hiyohiyo. Ninaiandika aya hii nikiwa na hasira ileile niliyokuwa nayo siku ile. Umeme ukiwa unakatika kila saa, kaa gizani kama ni lazima, lakini waya huo usiguswe.

Tukaingia wiki ya tatu. Nikachomoa pampu kabisa, tukawa tunateka maji kwa ndoo kutoka kwenye tangi la nje. Kwa siku moja na nusu umeme haukukatika, na nikaanza kuamini kwamba hata pampu mpya ilikuwa mbovu. Usiku wa siku ya pili mke wangu akachomeka pasi. Ta! Giza.

Tulidhani pasi imekuwa mbovu nayo. Nikaihamishia soketi ya chumba kingine, ikakata. Nikaiweka kando, nikachomeka birika la umeme, nalo likakata. Nikachomeka redio, chaja ya simu, taa ya mezani: hakuna kilichotokea. Nikarudia mara tatu, na matokeo yakawa yaleyale. Vifaa viwili vizima visivyohusiana, katika soketi za njia mbili tofauti, vilikuwa vikiangusha RCD, na kilichoviunganisha kilikuwa kimoja tu, kwamba vyote vinavuta umeme mwingi. Nikaitazama tena ile mistari mitatu ya daftari. Usiku wa manane kuna kifaa kimoja tu kinachowaka chenyewe katika nyumba yetu, nacho ni mota ya friji, na mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishazunguka. Pampu ni vivyo hivyo. Kwa hiyo maji hayakuwa chanzo hata siku moja, na pampu ilikuwa tu mzigo mkubwa uliokuwa ukiwaka mara nyingi kuliko mizigo mingine. Ndiyo maana kunawa mikono mara mbili hakukufanya kitu: kulikuwa na akiba ya maji yenye msukumo kwenye tangi dogo la pampu, na mota iliwaka akiba hiyo ilipopungua.

Niliyajua hayo usiku ule, lakini sikujua maana yake. Aliyeijua ni fundi wa tatu, mzee aliyeacha kazi za kupanda ngazi na sasa huitwa kwa kazi zilizowashinda wengine. Nilimsimulia yote, akanisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, hiyo hita mliyoizima, mliizima wapi?"

"Kwenye breka, mzee. Ipo chini tangu wiki ya kwanza."

"Na nyutro yake mmeiweka wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwa nimewahi kujiuliza. Akanifungulia kisanduku, akanionyesha. Breka ya hita ilikuwa na waya mmoja tu unaoingia na mmoja unaotoka, nao ni waya wa moto. Nyutro ya hita haikupita kwenye breka hata kidogo. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kipande cha shaba chenye skrubu nyingi, pamoja na nyutro za nyumba nzima. Breka ikiwa chini au juu, nyutro ile ilibaki imeungwa vilevile. Na hii ndiyo imani niliyoitaja mwanzoni: tunadhani kwamba kuzima breka ni kukitenga kifaa na nyumba, ilhali breka nyingi za majumbani hutenga nusu tu ya kifaa.

Koili yetu ilikuwa imepasuka karibu na ncha yake ya nyutro. Hita ilipozimwa, waya wa moto ulikatwa, lakini nyutro ikawa imegusana na bati la hita, na bati limeungwa na ardhi. Basi kila kifaa kingine kilipowashwa, umeme wake ulitoka kwa waya wa moto kama kawaida, ukafanya kazi, na uliporudi kwenye kile kipande cha shaba ukakuta njia mbili: ya halali kupitia RCD, na ya pembeni kupitia hita hadi ardhini. Sehemu kubwa ilifuata ya kwanza, sehemu ndogo ikafuata ya pili. Umeme wa redio ukigawanyika, kinachopotea hakifiki hata miliampia moja. Umeme wa pasi ukigawanyika, kinachopotea kinavuka kiwango. Wala hakuhitajiki msukumo mkubwa: tofauti ya volti moja tu kati ya nyutro na ardhi, kwenye njia yenye omu 30, inasukuma miliampia 33.

Alizima swichi kuu, akahakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme, kisha akalegeza skrubu na kuitoa nyutro ya hita, akaifunga ncha yake. Akawasha. Nikachomeka pasi, birika na pampu kwa pamoja, na mke wangu akafungua bomba mbili. RCD haikutikisika. Kazi hii ya kutoa nyutro isifanywe na mtu asiye fundi, kwa sababu nyutro iliyofunguliwa wakati umeme upo inaua sawasawa na waya wa moto. Mwenye nyumba ana njia yake iliyo salama zaidi, nayo ni kuchomoa. Plagi ikitoka kwenye soketi, nyaya zote zimetoka, na ndiyo sababu ukitaka kumjaribu mshukiwa mmoja mmoja usitegemee swichi za ukutani. Chomoa kila kinachochomoka, pandisha RCD, kisha rudisha kimoja kimoja. Kwa vifaa visivyochomoka, kama hita, kunatakiwa swichi yenye kukata nyaya mbili kwa pamoja.

Tulitoa maji kwenye tangi na kufungua koili. Koili ya hita ni bomba jembamba la chuma, na ndani yake umo waya uliosokotwa unaotoa joto, umezungukwa na unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu, unaopitisha joto lakini hauruhusu umeme. Unga huo una tabia ya kufyonza unyevu. Yetu ilikuwa imevikwa gamba gumu la chokaa, la rangi ya maziwa yaliyoganda, na mzee alipolikwaruza kwa kisu, likatoka kipande kirefu kama ukucha. Chini yake kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umejipinda kufuata kona ya koili, na kingo zake zilikuwa na kutu ya rangi ya kahawia. Alipogusa ncha moja ya kipimo kwenye nguzo ya nyutro na nyingine kwenye bomba la koili, mita ilisoma omu 12. Akachukua koili mpya, akaipima kwa kile kipimo kinachotoa volti 500 za kuichokoza insulesheni, yaani kile kinachozuia umeme usitoke, ikasoma zaidi ya megaomu 200, yaani omu milioni 200. Aliniambia nisiridhike na multimita ya kawaida kwa kazi hiyo, kwa sababu betri yake ndogo inaweza kuipitisha koili ambayo itavuja mara tu ikutanapo na umeme wenyewe, hasa ikishapata joto na ufa kufunguka.

Kabla hajaondoka alifunga pale karibu na hita swichi ya kukata nyaya mbili, akabonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, ikakata, akaipandisha. Akanieleza kwamba kitufe hicho hujaribu kifaa chenyewe tu, wala hakisemi lolote kuhusu waya wa ardhi, kwa hiyo akaupima nao peke yake. Mwisho akazungushia mita ya kubana kwenye waya wa moto na nyutro kwa pamoja, pale umeme unapoingilia, huku kila kifaa cha nyumba kikiwaka. Ilisoma miliampia 6, jumla ya mivujo midogomidogo ya kawaida ya friji, kompyuta na mashine ya kufulia. Niliandika namba hiyo kwenye daftari, chini ya mistari mitatu yenye alama za kuuliza, pamoja na tarehe, ili fundi atakayekuja siku nyingine awe na pa kuanzia.